Pikapu ya dizeli: Andika kazi kwanza, jina la gari baadaye

Na MWANDISHI WETU

UMESTAAFU. Au chama chenu cha akiba kimegawa pesa baada ya miaka mingi ya kuweka kidogo kidogo. Pesa ziko benki, watoto bado wako shuleni, na kila anayekuja kukutembelea ana ushauri wake. Mmoja asema jenga vyumba vya kukodisha. Mwingine asema fuga kuku. Wa tatu, aghalabu yule mwenye sauti kubwa kuliko wote, asema nunua pikapu, kwa maana pikapu hailali njaa.

Msomaji mpendwa, ushauri huo wa tatu si mbaya hata kidogo. Katika nchi hii pikapu hubeba viazi, maziwa, simiti, mbao, miraa, maji, jeneza na bibi harusi. Familia nyingi zimesomesha watoto kwa gari moja la aina hiyo. Swali ni hili: pikapu ipi?

Hapo ndipo wengi hukwama. Kuna Toyota Hilux, Isuzu D-Max na Toyota Land Cruiser. Kuna Nissan Navara, Mitsubishi L200, Ford Ranger na Mahindra. Kila moja ina mashabiki wake wanaobishana kama mashabiki wa kandanda. Muulize mwenye Hilux, atakuambia mengine yote ni makopo. Muulize mwenye Isuzu, atakucheka kwa kulipia jina.

Hebu kwanza nikupe kisa cha nyumbani kwetu, kwa kuwa ndicho kilichonifunza haya ninayoandika.

Mjomba wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Kinangop. Alipostaafu alipata kiinua mgongo chake, na baada ya wiki chache akaleta nyumbani pikapu ya milango minne, iliyotumika ng'ambo, inayong'aa kama sahani mpya. Sitataja ni ya kampuni gani, kwani kosa halikuwa la gari. Kijiji kizima kilikuja kuitazama. Mjomba alipanga kubeba viazi na kabeji kutoka mashamba ya majirani hadi soko la Wakulima, Nairobi, lile tunaloliita Marikiti.

Taabu zilianza mapema. Kwa kuwa nusu ya gari ilikuwa viti, sehemu ya mzigo ilikuwa fupi, na kila safari ilibeba magunia machache kuliko ya washindani wake. Kisha siku moja mafuta yakamwishia njiani, akauziwa dizeli ya mtungi kando ya barabara. Haikupita wiki mbili gari likaanza kutetemeka, likatoa moshi, likakataa kabisa kuwaka. Fundi wa kijijini, ambaye amefungua injini za trekta tangu utotoni, aliinua boneti, akatazama nyaya na vifaa vya elektroniki, akaifunga tena. Hakuwa na kompyuta ya kulipima.

Gari lilivutwa kwa kamba hadi Nairobi. Nozeli zote nne zilikuwa zimeharibika. Lilikaa gereji wiki sita huku pesa za vipuri zikitafutwa. Wakati huo wote mkopo mdogo aliouchukua kuongezea bei ya gari ulikuwa ukidai. Binti yake, aliyekuwa mwaka wa pili chuoni, alirudi nyumbani kwa kukosa karo.

Mjomba hakuwa mpumbavu. Kosa lake lilikuwa moja tu: alichagua gari kwanza, kisha akalitafutia kazi. Wahenga walisema kuwa mchagua jembe si mkulima. Lakini ikiwa jembe lenyewe limenunuliwa kwa jasho la miaka thelathini, ni sharti lichaguliwe, na shamba ndilo la kuamua.

<b>Kwa nini dizeli?</b>

Wewe mwanafunzi unayesoma fizikia, sehemu hii ni yako. Injini ya petroli huwashwa kwa cheche ya plagi. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Pistoni hugandamiza hewa kwa nguvu nyingi hadi hewa yenyewe inakuwa moto wa mamia ya nyuzi za selsiasi. Kisha dizeli hupuliziwa humo ndani kupitia nozeli, ikawaka papo hapo. Aliyeifanya injini hiyo ifanye kazi ni mhandisi Mjerumani, Rudolf Diesel, mjini Augsburg mwaka wa 1897.

Faida yake ni mbili. Kwanza, lita moja ya dizeli ina nishati zaidi ya lita moja ya petroli, takriban asilimia 10 zaidi, na injini yenyewe huitumia kwa uangalifu. Pili, injini ya dizeli hutoa nguvu ya kuvuta ikiwa bado inazunguka polepole. Nguvu hiyo mafundi huiita toki. Ndiyo inayoling'oa gari lenye tani moja kutoka kwenye matope bila dereva kulazimika kulifanya lipige kelele.

Kwa hivyo muuzaji akikuambia gari lina nguvu za farasi nyingi, mshukuru, kisha muulize toki ni ngapi na inapatikana injini ikiwa kasi gani. Farasi ni za kukimbia. Toki ni ya kubeba.

<b>Mzigo kwanza</b>

Sasa chukua kalamu. Swali la kwanza si la gari. Ni la mzigo: utabeba nini, kiasi gani, mara ngapi kwa wiki?

Pikapu nyingi za kazi zimetengenezwa kubeba takriban tani moja. Tani moja ni mifuko 20 ya simiti ya kilo 50. Ni magunia 20 ya viazi, ikiwa yamefungwa kwa kilo 50 kama sheria inavyotaka. Ni mitungi 50 ya maji ya lita 20. Ukishavuka hapo, springi zinaanza kukaa, breki zinachoka, na matairi ya nyuma yanapata moto.

Mchanga ndio huwadanganya watu zaidi. Mita moja ya ujazo ya mchanga huwa na uzito wa takriban kilo 1,600. Bodi ya pikapu yenye urefu wa mita 2.2, upana wa mita 1.5 na kina cha mita 0.4 huingiza mita 1.3 za ujazo. Ukiijaza hadi ukingoni umebeba zaidi ya tani mbili. Kwa macho gari limejaa vizuri tu. Kwa mizani umebeba mara mbili ya uwezo wake.

Tena usisahau kuwa watu nao ni mzigo. Watu wazima watano ndani ya pikapu ya milango minne wanaweza kufikisha kilo 350. Ongeza vyuma vya kuzungushia bodi na turubali, na uzito uliobaki kwa bidhaa umepungua kwa karibu nusu. Ndiyo maana mfanyabiashara wa mizigo aliyekomaa hupendelea kebini moja. Milango minne ni ya familia inayotaka gari la kwenda kanisani Jumapili na kubeba kitanda cha mtoto anayerudi bwenini. Hilo ni hitaji halali, ila ni kazi nyingine.

Na ikiwa hesabu yako inaonyesha tani mbili au tatu kila siku, basi funga mjadala wa pikapu. Unachotafuta ni lori dogo kama vile Canter. Kuibebesha pikapu mzigo wa lori ni kununua magari mawili kwa bei ya polepole.

<b>Magwiji watatu wa barabara zetu</b>

Ukishajua mzigo, itazame barabara. Hapa tuwalinganishe watatu wanaojulikana zaidi.

Toyota Hilux ilianza kuuzwa mwaka wa 1968. Zile za zamani, zenye injini ambazo mafundi wetu huziita 2L, 3L na 5L, zina pampu ya dizeli isiyo na elektroniki yoyote, na bado utaziona zikihema milimani zikiwa na umri wa kuitwa babu. Kizazi kilichoanza mwaka wa 2015 kilikuja na injini za turbo za lita 2.4 na 2.8. Ile ya 2.8 iliongezwa nguvu mwaka wa 2020 ikafikia farasi 204 na toki ya nyutonimita 500. Sifa ya Hilux ni uvumilivu na kasi pamoja. Kwa miaka mingi ndiyo iliyojulikana kwa kukimbiza miraa kutoka Meru hadi Nairobi kabla majani hayajanyauka. Ukitaka kuiuza baadaye, thamani yake haiporomoki haraka. Ubaya wake ni huo huo: kwa kuwa wote wanaitaka, hata iliyozeeka huuzwa kwa bei ya kukuumiza.

Isuzu D-Max ni ya nyumbani kuliko zote. Huunganishwa Nairobi, katika kiwanda kilichokuwa cha General Motors Kenya, kampuni iliyoanzishwa mwaka wa 1975. Mwaka wa 2017 Isuzu ilinunua hisa za General Motors na jina likawa Isuzu East Africa. Kabla ya D-Max tulikuwa na KB na TFR, na wakulima wengi wangali wakiziita hivyo. Injini ya zamani ya lita 2.5, ile ya 4JA1, ni rahisi kama jembe: pampu ya kawaida, hakuna kompyuta, na kiu ndogo ya mafuta. D-Max ya sasa yenye injini ya lita 3.0 ina farasi 190 na toki ya nyutonimita 450. Sifa ya Isuzu ni kwamba vipuri na fundi anayeifahamu havikosekani, hata katika miji midogo.

Toyota Land Cruiser ya kazi, ile ya 79, ni mnyama wa namna nyingine. Mfululizo wa 70 ulianza mwaka wa 1984. Injini yake maarufu hapa kwetu, 1HZ, ina silinda sita na ukubwa wa lita 4.2, na haina turbo. Sasa tazama namba zake: farasi kama 130 tu, na toki ya takriban nyutonimita 285. Kwa karatasi ndiyo dhaifu kuliko zote tatu. Mbona basi polisi, walinzi wa wanyamapori na mashirika ya misaada hununua hiyo hiyo?

Jibu liko chini ya gari. Hilux na D-Max zina magurudumu ya mbele yanayopanda na kushuka kila moja peke yake, jambo ambalo hukupa raha kwenye lami. Land Cruiser ina ekseli nzima ya chuma mbele na nyuma, chesisi nene, na injini kubwa isiyojikaza. Haikuundwa kwa mashindano ya kasi. Imeundwa kugonga mawe kila siku kati ya Lodwar na mpaka, ikapelekwa kwa fundi mwenye spana chache, na kesho ikarudi. Gharama yake? Bei ya kuinunua ni ya juu mno, hunywa dizeli zaidi ya wenzake, na usukani wake si wa mtu mvivu. Isitoshe, 1HZ ina mkanda wa taimingi unaopaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukiusahau ukakatika, vali hugongana na pistoni, na hapo utaomba msaada kwa jamaa.

Naam, vijana wataniuliza: na zile pikapu kubwa za Marekani tunazoziona kwenye simu? Ni kweli zipo. Ram yenye injini ya Cummins ya lita 6.7, Ford ya Power Stroke ya lita 6.7, na Chevrolet ya Duramax ya lita 6.6 huvuta mizigo ambayo hapa tungeitafutia trela. Huko mabishano kati ya mashabiki wa hizo tatu ni makali kuliko yetu. Lakini usukani wake uko kushoto, na masharti yetu ya kuagiza magari yanataka usukani wa kulia. Jambo la kufurahisha ni kwamba Duramax ilipotokea mwaka wa 2001 ilikuwa kazi ya pamoja ya General Motors na Isuzu. Kampuni hiyo unayoibeza kwenye barabara ya kijijini ilikuwa na mkono wake katika injini ya Wamarekani.

Kuhusu Navara, L200, Ranger na Mahindra, hakuna hata moja iliyo takataka. Nyingine zina starehe na nguvu kuzishinda hizo tatu. Ila kabla hujalipa, nenda mjini kwenu, siyo Nairobi, uulize maduka matatu ya vipuri kama wana klachi, nozeli na filta za gari hilo. Majibu yao yana thamani kuliko tangazo lolote.

<b>Mpya, au iliyotumika?</b>

Wengi wetu hatuna uwezo wa gari jipya. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, haliruhusu gari lililotumika ng'ambo kuingizwa nchini likiwa limezidi umri wa miaka minane. Maana yake ni kwamba pikapu karibu zote zinazoagizwa leo ni za kisasa, zenye turbo, kompyuta, na pampu ya shinikizo kubwa.

Hapo kuna mtego ambao wauzaji wengine hawautaji. Pikapu za dizeli zinazotoka Uingereza au Japani huwa na kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi. Kichujio hicho hujisafisha kwa kuyachoma masizi, na ili yaungue ni sharti gari liende mwendo wa kutosha kwenye barabara kuu kwa muda. Ukiwa mtu wa kutoka Kariobangi hadi Gikomba na kurudi, mwendo wa kusimama na kusonga, kichujio kitaziba. Taa itawaka kwenye dashibodi. Ukiipuuza, injini itajipunguzia nguvu yenyewe. Kwa hivyo uliza mapema: kichujio kipo? Na kazi yangu ni ya mjini au ya safari ndefu?

Dizeli yenyewe nayo ni suala. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zimetaka dizeli isiyozidi sehemu 50 za salfa kwa kila milioni, na hiyo ilikuwa hatua kubwa kwa injini za kisasa. Lakini wadanganyifu hawakosi. Zamani mafuta ya taa yalikuwa ya bei ya chini, na wengine waliyachanganya na dizeli. Mwaka wa 2018 serikali iliweka ada ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kukomesha mchezo huo.

Kwa nini mchanganyiko huo ni sumu? Kwa sababu dizeli ndiyo inayolainisha pampu inapopita ndani yake, na mafuta ya taa hayalainishi vizuri. Katika injini ya kisasa shinikizo la dizeli hufika zaidi ya mara 600 ya upepo ulio ndani ya tairi lako. Chembe ya mchanga au tone la maji katika shinikizo hilo hukwangua chuma. Injini ya zamani ingekohoa na kusonga. Ya kisasa hufa. Hicho ndicho kilichompata mjomba.

Basi weka sheria za nyumbani. Nunua dizeli kwenye kituo kimoja au viwili unavyoviamini, na utunze risiti. Usinunue ya mtungi. Badilisha filta ya dizeli kwa wakati, na umwage maji yanayokusanyika chini yake. Filta ni bei ya chakula cha mchana cha familia. Nozeli ni karo ya muhula.

<b>Siku ya kukagua</b>

Ukiitiwa gari, usiende mchana. Nenda asubuhi na mapema, na umwombe mwenye gari asiliwashe kabla hujafika. Injini baridi haijui kusema uongo.

Gusa boneti kwanza. Ikiwa ina joto, jiulize kwa nini mtu amelipasha moto gari lake kabla ya mgeni kufika. Kisha liwashwe huku ukitazama moshi. Mweusi mzito unaoendelea maana yake ni mafuta mengi kuliko hewa: huenda filta ya hewa imeziba au nozeli zimechoka. Wa bluu ni oili inayoungua, na hiyo ni injini inayoelekea kufunguliwa. Mweupe kidogo wakati wa baridi si ajabu, lakini ukiendelea injini ikiwa moto, na maji ya rejeta yanapungua, huenda gasketi ya silinda imekatika.

Fungua kifuniko cha oili. Ukiona rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Lala chini utazame chesisi yote kwa tochi: tafuta nyufa, mahali palipochomelewa, na kutu, hasa kwa gari lililoishi pwani karibu na chumvi ya bahari. Hesabu springi za nyuma. Zikiwa zimeongezwa vyuma, gari hilo limebeba zaidi ya haki yake, hata kama dashibodi inaonyesha kilomita chache.

Linganisha namba ya chesisi na ya injini na zile zilizoandikwa kwenye logibuku, kisha uthibitishe mwenye gari kupitia mtandao wa NTSA. Usitoe pesa kwa mtu asiyekuwa na jina kwenye kumbukumbu hizo, hata akiwa shemeji yako. Mwisho, mlipe fundi wako mwenyewe aje nawe. Fundi wa muuzaji ana mwajiri wake.

<b>Hesabu ya jioni</b>

Baba na mama, ketini pamoja na watoto wakubwa mpige hesabu hii. Ni somo zuri kuliko mengi ya darasani.

Tuseme gari lenu litakwenda kilomita 120 kwa siku. Pikapu inayokwenda kilomita 10 kwa lita itatumia lita 12. Inayokwenda kilomita 8 kwa lita itatumia lita 15. Tofauti ni lita tatu tu, yaani si kitu. Lakini kwa siku 300 za kazi hizo ni lita 900. Zidisha kwa bei ya dizeli inayotangazwa na mamlaka ya EPRA tarehe 14 ya kila mwezi, uone kama bado si kitu.

Ongeza matairi, oili na filta. Ongeza ukaguzi wa kila mwaka unaotakikana kwa magari ya biashara, na kodi ya mapema inayolipwa kila mwaka kwa ajili ya pikapu za biashara. Ongeza bima, na hapa uwe macho. Kuna bima ya kubeba mali yako mwenyewe na kuna ya kubeba mali ya watu kwa malipo. Ukikata ya kwanza kwa sababu ni nafuu, kisha ukapata ajali ukiwa na viazi vya jirani aliyekulipa, kampuni ya bima inaweza kukataa kukufidia. Vivyo hivyo usipakie watu nyuma kwenye bodi, hata kama ni wa kwaya na wanaimba vizuri. Ni kinyume cha sheria, na ikipinduka hakuna cha kuwashika.

Jumla ikishakuwa mezani, tenga pia pesa za gari kukaa gereji mwezi mmoja bila kuingiza chochote. Kama pesa hizo hazipo baada ya kununua gari, basi gari hilo ni ghali kwenu, hata kama bei yake mmeweza kuilipa. Shukeni ngazi moja: gari la zamani kidogo, au jepesi zaidi, na akiba iliyobaki.

Mjomba aliuza ile pikapu inayong'aa kwa hasara. Akanunua nyingine ya kebini moja, ya miaka mingi, yenye pampu ya kawaida na mlango mmoja wa rangi tofauti. Kijiji hakikuja kuitazama. Lakini fundi wa kijijini aliifungua na kuifunga kwa siku moja, na magunia 20 yaliingia bila kubanana. Binti alirudi chuoni mwaka uliofuata, na baadaye akahitimu. Mkaza mjomba hadi leo husema mwaka ule mmoja ulipotelea kwenye rangi ya gari.

Kwa hivyo, msomaji, jioni hii chukueni karatasi moja. Andikeni mzigo. Chini yake andikeni barabara. Chini yake jina la fundi aliye karibu na umbali hadi kwake. Mkimaliza hayo matatu, ndipo muandike jina la pikapu. Mara nyingi litakuwa limekwisha kujichagua.